Geji, Ukanda wa Rangi au Mizani? Nilivyopima Gesi ya Gari la Kulala

Hamjambo watazamaji wangu? Leo niko Kasarani, nyuma ya gari letu la kulala, ile HiAce mliyoniona nikiiwekea kitanda na jiko. Swali ambalo mmeniuliza kuliko yote ni hili: kabla ya kutoka Nairobi, unajuaje gesi iliyobaki mtungini? Nimejaribu vitu vitatu: geji ya kufungwa kwenye vali, ukanda wa rangi wa kubandika, na hii mizani ya ndoano. Niwaambie mapema, nunueni mizani. Sababu zake mtaziona.

Tuanze na geji, kwa sababu ndiyo inayovutia macho. Tazameni uso wake: kijani, manjano, nyekundu. Mtu yeyote ataamini kijani ni mtungi umejaa na nyekundu ni mtungi umeisha. Mimi pia niliamini. Tulipolala Nanyuki, jioni mshale ulikuwa kwenye kijani kabisa. Alfajiri, baridi ya mlima imetanda, nikaamka kuchemsha chai, nikakuta mshale umeshuka hadi manjano. Usiku kucha hakuna aliyewasha jiko. Nikahangaika nikitafuta gesi inavujia wapi, napaka povu la sabuni kila kiungo, sioni hata kiputo. Saa nne jua lilipowaka, mshale ukarudi kijani wenyewe.

Maelezo yake ni haya. Gesi ya mtungini iko katika hali ya maji, na juu ya maji yale kuna mvuke. Geji inapima msukumo wa mvuke, na msukumo huo unafuata joto, haufuati wingi. Mtungi wenye kilo 12 na mtungi wenye kilo 2, vikiwa kwenye joto moja na gesi ya aina moja, mshale utasimama karibu mahali pamoja. Utaanguka kweli maji yakishaisha, na hapo ugali wako uko nusu. Tena gesi yetu ni mchanganyiko wa propani na butani. Propani huchemka hata kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, lakini butani karibu na sifuri inakuwa imeshalegea. Na propani ndiyo hutangulia kuisha, ndiyo maana mtungi unaokaribia kuisha huwa na moto dhaifu kwenye baridi.

Sijaitupa geji, lakini. Ina kazi moja nzuri sana: fungua vali, zima jiko, kisha funga vali tena na usubiri dakika kumi. Mshale ukishuka, kuna mahali panavuja. Kwa gari unalolala ndani yake, kazi hiyo peke yake inatosha kuinunua. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni, na ndiyo sababu kabati la mtungi wetu lina tundu la kutokea nje hapa chini.

Ukanda wa rangi ni sawa tu. Unamwagia mtungi maji ya moto kidogo, rangi inabadilika, unaona mstari pale maji ya gesi yanapoishia. Lakini kiganja chako kinafanya hivyohivyo bila kulipa shilingi: pitisha mkono juu kwenda chini, panapoanza ubaridi ndipo gesi ilipo.

Wenzetu wenye yale magari makubwa ya Marekani wana tangi lililofungwa chini ya gari, na ndani yake boya linaloelea na kusogeza mshale. Lile linapima wingi kweli. Na likijaa linasoma asilimia 80, halizidi, kwa sababu gesi ya maji hutanuka ikipata joto na lazima iachiwe nafasi. Mitungi yetu haina boya. Kwa hiyo ni uzito tu.

Mizani yenyewe inabeba hadi kilo 50. Kabla ya kuiamini niliipima kwanza: paketi sita za unga za kilo mbili kwenye kiondo. Ilisoma 12.2, na kiondo kitupu kilisoma 0.2. Hapo nikatulia. Kasoro yake ni mkono. Mtungi wa kilo 13 uliojaa ni kama kilo 26 pamoja na chuma, na mkono ukitetemeka namba zinacheza. Dawa ni mpini wa jembe: upitishe juu kwenye mshikio wa mizani, watu wawili wanyanyue.

Sogeza kamera hapa kwenye ukosi wa mtungi. Mnaona hizi tarakimu zilizogongwa kwenye chuma? 13.4. Huo ndio uzito wa mtungi mtupu. Kila mtungi una wake, usitumie wa jirani. Mwezi uliopita nilipewa mtungi dukani, sili haijaguswa, nikaomba tuupime palepale. Ilipaswa kuwa 26.4. Ikasoma 25.1. Kilo moja na gramu mia tatu hazipo! Kijana wa dukani alikuwa muungwana, akasema, "Mama, hata mimi nimeletewa hivi," akanipa mwingine. Una haki ya kuomba mtungi upimwe mbele yako, sili ikiwepo au isiwepo.

Haya, tupime wa safari. Vali nimefunga, paipu nimetoa, mtungi umesimama wima. Baba Wanjiru, shika upande ule. Polepole. Subiri namba zitulie... 20.4. Toa 13.4, zimebaki kilo saba. Jiko letu la kilowati mbili linakwenda kama saa sita kwa kilo moja, hivyo tuna zaidi ya saa arobaini za moto. Nanyuki tunakwenda na kurudi bila kubadilisha mtungi.