Uzoefu wangu na Canon EOS 2000D: niweke L, S2 au RAW?

Kamera hii nimeitumia zaidi ya mwaka sasa na sijutii hata senti niliyotoa. Ni nyepesi, menyu zake zinaeleweka, na megapikseli 24 zinamtosha kabisa anayejifunza. Ila kuna mpangilio mmoja niliugusa bila kuuelewa, ukanikosesha picha ya bibi yangu. Naandika hasa kwa ajili ya huo.

Ukibonyeza MENU, mstari wa kwanza ni wa ubora wa picha. Utakuta herufi kama L, M, S1 na S2, ambazo ni ukubwa wa picha kutoka kubwa kwenda ndogo, zote za JPEG, yaani faili ya kawaida iliyobanwa. Halafu kuna RAW, yaani faili ghafi ambayo kamera haijaikamilisha kuwa picha, iwe peke yake au pamoja na L. Kando ya herufi kuna alama ya tao. Tao laini maana yake faili imebanwa kidogo. Tao lenye ngazi-ngazi, imebanwa zaidi.

Tulikuwa tunakwenda Tanga siku nne kwenye harusi ya binamu yangu, nami nina kadi moja tu ya GB 8. Nikahofia itajaa, nikaweka S2. Kwenye kioo cha kamera picha zilipendeza. Nikazituma kwenye kundi la familia, watu wakasifu, nami nikaamini nimefanya jambo la busara.

Asubuhi moja nilimpiga bibi akiwa barazani, kanga mpya begani, anacheka na mtu aliyekuwa akipita njiani. Shangazi alipoiona akataka isafishwe kubwa, iwekwe sebuleni. Fundi wa studio akaikuza, kisha akanigeuzia kompyuta nijionee. Kope zimekuwa vijimraba. Maandishi ya kanga yalikuwa "Wema hauozi", lakini pale yalionekana kama mstari wa madoa meusi. S2 ni pikseli, yaani nukta zinazounda picha, 1920 kwa 1280 tu. Ukisafisha kwa pikseli 300 kwa kila inchi, unapata picha ya inchi 6 na kidogo kwa 4 na kidogo. L ni 6000 kwa 4000, yaani inchi 20 kwa 13 kwa ukali uleule. Na pikseli ambazo kamera haikuzihifadhi, fundi hana pa kuzitoa.

Kilichoniuma zaidi ni hesabu niliyoifanya baadaye. Picha ya L yenye tao laini kwangu huchukua kama MB 7 au 8, kwa hiyo kadi ileile ingebeba picha kama elfu moja. Safari nzima nilipiga mia tatu na kitu.

Sikukuu ya Idi nilirudi nikampiga tena, kanga ileile, safari hii kwa L. Herufi zote zinasomeka na ndiyo iliyotundikwa sebuleni. Lakini kile kicheko cha barazani sikukipata.

RAW niliijaribu kwenye sendoff, ukumbi una taa za njano na zambarau. Nilichagua RAW pamoja na L, na nashukuru. Kwenye JPEG nyuso zilikuwa za manjano na shela ya bibi harusi imeungua, nyeupe tupu. RAW ya kamera hii ni ya biti 14, yaani ngazi 16,384 za mwanga, wakati JPEG ya biti 8 ina ngazi 256 kwa kila rangi. Nikaifungua kwa Digital Photo Professional, programu ambayo Canon wanaitoa bure, nikarekebisha rangi na kushusha mwanga, na maua ya lesi yakarudi moja moja. Gharama yake ni nafasi, maana RAW moja ni karibu MB 30, na muda, kwa sababu kila picha inataka ikaliwe. Sioni haja yake kwa picha za mchana wa kawaida.

Kwa hiyo yangu hukaa L yenye tao laini siku zote. RAW naiongeza pale mwanga unapokuwa mgumu na tukio halitarudiwa. M naitumia nikipiga bidhaa za dada yangu anayeuza mtandaoni. S2 siigusi tena. Nimenunua kadi ya pili, ya GB 32.

Jambo jingine: picha ya kwenda kusafishwa msiitume WhatsApp kama picha ya kawaida, maana hubanwa njiani. Itumeni kama dokumenti, au mpelekeeni fundi kadi yenyewe.