Chaja ya kutunza betri ya trela msimu wa baridi: inafaa, ila usiipe kazi isiyo yake

Nianze na hukumu yangu kabisa: chaja hii ndogo, ile ya kuachwa kwenye soketi muda wote ambao trela la kusafiria limeegeshwa, imenifaa na nitaendelea kuitumia. Ila anayeinunua akitarajia ifufue betri iliyokwisha kufa atalalamika bure. Kazi yake ni kuishikilia betri nzima ibaki nzima.

Yangu inatoa ampea 1 tu. Betri ni ya maji (ya risasi na tindikali, ile inayoongezwa maji), volti 12, ampea-saa 100, yaani kama ampea 1 kwa saa 100. Piga hesabu mwenyewe: ikiwa imeisha kabisa, chaja ingehitaji zaidi ya saa 100 kuijaza. Tena nyingi za aina hii zikikuta volti ziko chini mno hazianzi hata kuchaji, zinawasha taa nyekundu na kukaa tu. Kwa hiyo kabla ya kuegesha huwa naijaza kwa chaja kubwa, naiacha itulie saa kadhaa bila kitu chochote kuchukua umeme, halafu naipima kwa mita ya umeme. Ikisoma volti 12.6 au 12.7, imejaa, naikabidhi kwa chaja ndogo. Ikisoma 12.2 hiyo ni nusu, inarudi kwenye chaja kubwa.

Wengi husema baridi ndiyo inayoua betri. Mimi nasema inasingiziwa. Baridi hupunguza kasi ya betri kujimaliza yenyewe. Joto ndilo huiharakisha. Kinachoiua ni kukaa muda mrefu ikiwa na chaji pungufu. Salfeti ya risasi iliyo kwenye sahani za ndani ya betri hugeuka fuwele ngumu zisizorudi tena kirahisi, na hapo ndipo unapata betri inayojaa haraka ajabu kisha inazimika ukiwasha taa mbili. Pia tindikali ya betri iliyojaa inahitaji baridi kali mno ili igande, lakini ile ya betri iliyoisha inakaribia kuwa maji matupu na huganda nyuzi chache tu chini ya sifuri. Ikiganda, kasha hupasuka. Na betri iliyoganda haichajiwi, hata kama kwa nje inaonekana salama.

Sasa, kabla ya kusifu au kulaumu chaja yoyote, tafuta kwanza nani anakunywa umeme wako. Hapa ndipo watu wengi hawaangalii. Nilizima kila kitu ndani ya trela, nikafungua waya wa hasi, nikaweka mita kati ya waya huo na nguzo ya betri. Taa zote zimezimwa, friji imezimwa, na mita bado ikasoma ampea 0.3. Inaonekana ndogo, lakini kwa siku ni ampea-saa 7.2, na ndani ya wiki moja nusu ya betri imekwenda. Nikaanza kuchomoa fyuzi moja baada ya nyingine huku nikiangalia mita: fyuzi ya redio, ikashuka kidogo, ya kigunduzi cha gesi, ikashuka tena, iliyobaki ilikuwa saketi ya kuongozea friji. Ile swichi kubwa ya kukatia betri nayo usiiamini bila kupima, kwa sababu katika matrela mengine kigunduzi cha gesi kimeungwa moja kwa moja na betri, hakipitii kwenye swichi. Na pini ya breki za dharura (zile za kushika trela likichomoka kwenye gari) hakikisha iko ndani. Ikichomoka, breki zinashika na betri inamalizwa kwa muda mfupi sana.

Kwa hiyo trela likishaegeshwa, mimi huondoa waya wa hasi kabisa (hasi hutoka kwanza na kurudi mwisho), chaja inabaki na betri peke yake.

Chaja yenyewe inafanya nini? Nikiiwasha, mita kwenye nguzo hupanda hadi karibu 14.4, hukaa hapo kwa muda, kisha chaja inajishusha yenyewe hadi 13.2 na ushee na kutulia. Kushuka huko ndiko nilikolipia. Kichajio cha zamani kilichojengwa ndani ya trela hubaki 13.6 wakati wote, na kikiachwa miezi, maji hupungua hadi sahani zichungulie. Kwa chaja hii maji hayajashuka kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Bado nafungua vifuniko mara moja moja, naongeza maji ya betri, si tindikali wala maji ya bomba, na naongeza baada ya kuchaji, si kabla. Mahali pawe na hewa, maana betri ya maji hutoa haidrojeni inapochajiwa.

Lawama zangu ni mbili. Waya ni mfupi. Hilo dogo. Kubwa ni kwamba umeme ukikatika na kurudi, chaja haikumbuki ilikuwa wapi. Inakaa ikisubiri mtu abonyeze kitufe. Kwa kifaa kinachotengenezwa kuachwa peke yake, huo ni uzembe wa mbunifu. Zipo chaja nyingine zinazorudi kazini zenyewe, na ningekuwa nanunua leo hicho ndicho ningeuliza kwanza, kabla ya taa, rangi na dhamana. Kipima joto kinachosahihisha volti kulingana na baridi nacho ni cha kuulizia, kwani yangu inacho na naona tofauti kwenye mita.

Mwenye betri ya lithiamu asinunue kwa kusoma maelezo haya. Hiyo hujimaliza taratibu sana, hupendelea kuhifadhiwa ikiwa na chaji karibu nusu, na haitakiwi kuchajiwa ikiwa chini ya nyuzi 0. Chaja ya kuachwa muda wote haina kazi hapo. Na kama trela linalala mahali pasipo soketi, ni rahisi zaidi kuing'oa betri, kuiweka chumba kikavu chenye hewa, na kuijaza tena kila mita inaposhuka kuelekea 12.4. Ukiiweka juu ya sakafu ya saruji haina neno. Kasha za plastiki za siku hizi hazipotezi chaji kwa hilo.