Kizimba cha simbilisi: nunua sakafu kwanza

Simbilisi wawili, vile vijinyama vya manyoya visivyo na mkia, waliingia nyumbani kwangu hapa Malindi ndani ya boksi la mafuta ya kupikia, zawadi ya mjomba kwa wanangu. Siku ya tatu boksi lilikuwa limelowa chepechepe, kitako kimetoka, na sebule yanuka kama zizi. Nikaenda kwa fundi, nikamwambia nataka kizimba kizuri. Akanitengenezea kizuri kweli: mbao zimepigwa msasa, zimepakwa vanishi, na kidirisha cha wavu mbele. Miezi minne tu. Mkojo uliingia kwenye maungio, ubao ukavimba, na harufu haikutoka hata kwa sabuni ya unga na jua la mchana kutwa.

Tangu hapo nimejenga viwili vingine na kumsaidia dada yangu aliyeolewa Lamu kujenga chake. Mtu akiniuliza anunue nini, namwambia asahau kuta kwanza. Simbilisi si sungura, haruki juu sana wala hapandi. Ukuta wa sentimita 35 wamtosha. Shida yote iko chini ya miguu yake, kwa sababu mnyama huyu hula mchana na usiku, na mavi na mkojo wake havikomi.

Ukubwa nao usipunjwe. Wawili wanataka angalau futi za mraba 7 na nusu. Bahati nzuri, plaiwudi nzima ni futi 8 kwa 4, ukiikata vipande vinne unapata vya futi 4 kwa 2. Kimoja ni sakafu, vitatu vilivyobaki vinatoa kuta zote nne. Waambie wakukatie pale pale dukani. Dada yangu alibeba yake nzima kutoka gatini hadi mtaa wa Langoni, na mwenye kuvijua vichochoro vya Lamu atakuambia plaiwudi nzima na punda mwenye mzigo hawapishani.

Sasa sakafu, kuanzia ninayoipenda zaidi.

Ya kwanza: zulia la plastiki linalouzwa kwa mita. Lile la kutandika jikoni, lenye maua au mfano wa vigae. Chagua nene, lisilo na manyoya nyuma, kwa sababu manyoya hunyonya mkojo. Likiwa na upana wa mita 2, kata mita moja u nusu: litafunika sakafu, litapanda kuta zote, na litapinduka kidogo juu ya ukingo. Hapo libane kwa vibanio vya nguo. Hakuna gundi, hakuna msumari, siku ya usafi unalitoa lote kama shuka.

Pembe ndizo zenye siri. Mara ya kwanza nilizikata kwa mkasi nikaziunga kwa gundi, na baada ya wiki chache mkojo ukapita kwenye kiungo ukaingia kwenye ubao. Usikate. Kunja kama unavyofunika daftari la mtoto wa shule, na ule mkunjo wa ziada uulaze upande wa nje, kati ya zulia na ubao. Ukiulaza ndani utakuwa mfuko wa kuhifadhi mavi. Na kwa kuwa ukingo wa zulia umepinduka nje, simbilisi hawapati pa kuanzia kutafuna. Wakipata, watatafuna, hilo usilitilie shaka.

Bango la turubai la matangazo au la kampeni, lile la plastiki, hufanya kazi hiyo hiyo bila malipo. Ni jembamba zaidi, hivyo kagua matundu kila mara. Langu la akiba lina uso wa mgombea aliyeshindwa. Hajawahi kunitumikia hivyo alipokuwa akiomba kura.

Ya pili: pipa la bluu lililopasuliwa kwa urefu. Halipitishi kitu, halina kiungo, lasuguliwa kwa brashi dakika mbili. Lakini pipa la lita 200 ukilipasua, tumbo lake la mviringo halikuachii sakafu ya kutosha wawili, itabidi uunge nusu zote mbili kwa mlango katikati. Na uliza lilibeba nini. Kama muuzaji hajui, au pua yako inakuambia dawa, liache hapo hapo. Lainisha ukingo kwa msasa.

Ya tatu: pembe ya ua iliyosakafiwa kwa saruji. Nzuri kwa mwenye wanyama wengi, ukiipa mteremko kidogo na tundu la maji. Ila haihamishiki, na pwani yetu kuhama ni muhimu. Simbilisi huanza kuteseka joto likipita nyuzi 26 au 27, na wakati wa kaskazi sisi tunapita 30 bila kujitahidi. Mimi changu hukaa barazani chini ya makuti, kamwe si chini ya bati. Mchana mkali naweka chupa ya maji ya barafu iliyozungushiwa leso kuukuu, wanajilaza ubavuni mwake.

Ya nne: ubao uliopakwa vanishi au rangi ya mafuta. Yaliyonikuta na kile cha fundi nimeshaeleza.

Ya mwisho: waya, kama kizimba cha kuku. Inavutia kwa sababu kila kitu chaanguka chini. Tatizo ni nyayo: zao hazina manyoya, waya huzichubua, vidonda huingia uchafu na mnyama huchechemea hadi aache kula. Mwenye kukuuzia hiki akikuambia ndicho rahisi kusafisha, asema kweli. Usinunue.

Waya uweke juu. Kifuniko cha fremu na wavu wa tundu la nusu inchi ni lazima, na Lamu, kwa paka wale waliojaa vichochoroni, ni lazima mara mbili. Hewa ya chumvi itauozesha, tarajia kuubadilisha. Miguu ya kizimba isimamishe ndani ya vikopo vya mafuta machafu, siafu wasipande.

Matandiko ni maranda makavu yasiyo vumbi, ila muulize fundi ni ya mbao gani: mwerezi na mbao nyingine zenye harufu kali huumiza mapafu yao. Na kama hujui yupi dume yupi jike, peleka wakaguliwe kabla hujapiga msumari. Mimba yao ni kama miezi miwili, na jike aweza kushika nyingine siku ile ile aliyozaa.

Ijumaa asubuhi, wanangu huwatia simbilisi kwenye beseni lenye nyasi. Mimi nafungua vibanio, nakunja zulia na maranda yake, nakung'uta chini ya migomba. Utaona madoa meupe magumu kama chokaa. Ni kalisi, madini yaliyomo kwenye mkojo wao, sabuni haiyawezi. Mwagia siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, au kamulia ndimu, ngoja dakika kumi, sugua. Kisha ning'iniza likauke. Ndiyo maana dukani usikate mita moja u nusu. Kata mita tatu, upate vipande viwili: kimoja kikiwa kwenye kamba, kingine kiko kizimbani.