Chuo cha VETA: mkutano wa kijiji au kamati?

Wilaya za Tanzania zinapopanga chuo cha VETA, yaani mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wananchi wanaweza kushirikishwa kwa mkutano mkuu wa kijiji au kwa kamati ndogo.

Kwa suala la ardhi, mkutano hauna mbadala. Kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ni mjumbe, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila mkutano huo kuridhia. Isitoshe, wazee ndio watakaosema bonde fulani hujaa maji masika, jambo ambalo mpima aliyekuja kiangazi hawezi kuliona.

Ila ukiuliza fani zipi zifundishwe, mkutano hukwama. Wenye sauti hutaja magari na umeme. Mama anayetaka kujua bweni la mabinti litakaa wapi hunyamaza kule nyuma. Hapo kamati ni bora: fundi, mfugaji, mwalimu, kijana aliyeishia darasa la saba. Ubaya wake twaujua: diwani akiteua mwenyewe, ataweka wapambe wake. Mimi ningetaka wajumbe wachaguliwe palepale mkutanoni, na mihtasari yao ibandikwe ofisi ya kijiji.