Mchoro wa Saketi Mikononi mwa Mtawa: Nimesoma "A Canticle for Leibowitz"

Mimi ni fundi umeme, na Jumapili nafundisha katekisimu. Riwaya hii ya Walter M. Miller, iliyotwaa mwaka 1961 Hugo, tuzo ya hadithi za kisayansi, imenishika pande zote mbili.

Vita vya nyuklia vimeiteketeza dunia. Walionusurika wamewageukia wasomi, wakawaua na kuchoma vitabu. Leibowitz, mhandisi aliyeingia utawani, anauawa kwa kuficha maandishi. Karne sita baadaye watawa wa shirika lake bado wananakili mabaki ya sayansi wasiyoyaelewa. Bruda Francis anapata mchoro wa saketi (njia ya umeme) ya transista, kifaa kidogo cha kudhibiti umeme, na kwa miaka 15 anauchora upya na kuupamba kwa dhahabu. Nimeshika michoro ya aina hiyo maisha yangu yote ya kazi, lakini sijawahi kumwona mtu akiipenda bila kujua inawasha nini. Majambazi wanapora nakala yake wakidhani ndiyo yenye thamani, wanamwachia karatasi ya asili. Kazi yake yote imeokoa karatasi ile! Ilibidi niweke kitabu chini kidogo.

Sehemu ya pili kuna taa ya umeme: watawa wanazungusha dinamo kwa nguvu zao, mwingine yuko kwenye ngazi akirekebisha vijiti vya kaboni vinavyotoa mwanga. Kifundi imeelezwa sawasawa. Ila ili taa itundikwe, msalaba umeondolewa mahali pake. Miller hasemi umeme ni dhambi, na nashukuru, maana mahubiri ya namna hiyo tumeyasikia mengi. Anauliza nani atawajibika kwa nuru hiyo. Yeye mwenyewe alikuwa katika ndege za Marekani zilizoshambulia abasia (monasteri kubwa) ya Monte Cassino, Italia, mwaka 1944, kisha mwaka 1947 akawa Mkatoliki. Ndiyo maana sikushangaa kuona elimu iliyotunzwa kwa sala ikizaa mabomu tena.

Sehemu ya tatu inachosha kidogo. Abate Zerchi, mkuu wa watawa, anabishana na daktari anayetaka kuwafupishia maisha waliounguzwa na mionzi. Mimi niko na abate, hata hivyo namsifu mwandishi kwa kumpa daktari hoja nzito na huruma ya kweli. Tatizo ni urefu wa mabishano.

Wanawake karibu hawamo, na hilo ni upungufu mkubwa. Kilatini nacho kimejaa bila tafsiri. Ukikwama ruka mstari, matendo ya watawa yatakueleza. Vijana wangu wa kipaimara nitawasomea sehemu ya kwanza yote, ya tatu wasubiri wakue.