Kibanda cha vitabu vya dini karibu na Kibuye, Kisumu

Nilikwenda kwenye kibanda hiki kumtafutia mwanafunzi wangu Biblia iliyokwisha kutumika, nikaondoka saa mbili baadaye nikiwa na vitabu viwili na swali ambalo nilidhani nililimaliza tangu darasa la kipaimara: je, Mungu ninayemwabudu mimi ndiye anayeabudiwa na jirani yangu Mwislamu? Kibanda kipo kando ya barabara iendayo soko la Kibuye, kati ya fundi viatu na muuza betri, na hakina bango. Mwenyewe ni Mwislamu wa makamo kutoka Mumias, na wateja wake wengi ni Wakristo. Kwenye rafu ya juu kabisa ameziweka Biblia na Kurani bega kwa bega, na juu yake hakuna kitabu kingine.

Nilimuuliza kama hiyo ilikuwa mbinu ya biashara. "Mwalimu," akanijibu, "fungua vyote viwili kwanza, kisha uniambie nitenganishe nini." Akanivutia kigoda. Mswahafu, yaani nakala ya Kurani, wa Kiarabu mtupu aliufungua yeye mwenyewe kwa sababu sikuwa na udhu, ule utakaso wa maji wa Waislamu, lakini tafsiri alinikabidhi nisome nipendavyo, wala hakunihimiza ninunue.

Biblia ya Union Version ya mwaka 1952 inalo neno Mungu, na penye jina lile la Kiebrania ambalo Wayahudi hawalitamki inaandika BWANA. Habari Njema, mahali pale pale, inaandika Mwenyezi-Mungu. Ukifungua tafsiri ya Kurani ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy ya mwaka 1969, naye anaandika Mwenyezi Mungu, kwa hiyo kinachozitenganisha ni kistari. Nchini Malaysia mahakama ya rufani iliamua mwaka 2013 kwamba gazeti la Wakatoliki lisitumie jina Allah kumtaja Mungu. Huku kwetu sijui mtu angeanzia wapi kufungua kesi kama hiyo, maana Mjaluo wa msikitini na Mjaluo wa kanisani wote husema Nyasaye. Mwenye kibanda aliongeza kwamba Kurani nzima kwa Kiswahili ilitafsiriwa kwanza na padri wa Kianglikana, Godfrey Dale, mwaka 1923. Kitabu hicho hana, na sikumlaumu.

Hata hivyo jina peke yake si ushahidi. Ukiita "Otieno" pale Kibuye watageuka watu kumi, na ili kujua unayemtaka ni lazima useme ni yupi: mwana wa nani, anafanya nini. Hapo ndipo huduma ya kibanda hiki iliponishangaza, kwa sababu muuzaji hakunionyesha tu aya zinazopendeza. Alinifungulia Suratul Ankabut, aya ya 46, inayowaagiza Waislamu wawaambie Watu wa Kitabu, yaani Wayahudi na Wakristo, kwamba Mungu wao na wetu ni mmoja. Kisha, bila kuombwa, akafungua Suratul Ikhlas, isemayo kwamba Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa. Mkristo anayekiri Baba, Mwana na Roho Mtakatifu hawezi kuipita sura hiyo kana kwamba haikusemwa.

Wako wahubiri mjini mwetu wanaosema kwamba asiyemkiri Mwana anaabudu mungu mwingine kabisa. Naiheshimu hoja hiyo, lakini inabeba zaidi ya inavyokusudia, kwa maana Myahudi anayesali Zaburi naye hakiri Utatu, na sijasikia mhubiri yeyote akisema kwamba Mungu wa Zaburi si wetu. Yesu mwenyewe alimwambia mwanamke Msamaria, "Ninyi mnaabudu msichokijua". Alimkosoa juu ya kujua, hakumwambia kwamba Wasamaria wana mungu wao mwingine. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ulifuata njia iyo hiyo mwaka 1964 uliposema kwamba Waislamu wanamwabudu pamoja nasi Mungu mmoja, mwenye rehema, kisha mwaka 1965 ukataja waziwazi kwamba hawamkiri Yesu kuwa Mungu. Kwa hiyo naamini kwamba anayeitwa ni yule yule, Muumba na Mungu wa Ibrahimu, na kwamba tunatofautiana, tena si kidogo, juu ya namna alivyojifunua. Mwenye kibanda alikubali nusu ya kwanza, akatabasamu kwa ile ya pili.

Kasoro zipo. Meza ya mbele imejaa vijitabu vya mihadhara ya kushindana, vya pande zote mbili, na muuzaji anakiri kwamba hivyo ndivyo vinavyotoka haraka. Ningependa vihamishiwe nyuma, kwa kuwa mtu anayevinunua peke yake hupata majibu ya maswali ambayo mwenzake hakuyauliza. Bei hazikuandikwa popote. Biblia ya Kidholuo haikuwapo, jambo la ajabu kwa Kisumu. Nililipa shilingi 350 kwa Biblia ya mwanafunzi na 1,200 kwa tafsiri ya al-Farsy, yenye jalada imara lakini kurasa mbili za mwisho zimelegea.

Siku ya Ijumaa hufunga kabla ya saa saba kwenda kuswali na hurudi saa nane, na Jumapili hufungua baada ya misa ya kwanza, wateja wanapoanza kushuka kutoka kanisani.