Bedlaina ya Pikapu: Angalia Ukingo Kabla ya Kulipa

Mvua ndefu zikiisha, lalamiko ni lile lile kutoka Kariobangi hadi Kitengela: bedlaina, ile dawa ngumu inayopulizwa ndani ya bodi ya pikapu kuilinda, iliyopulizwa Januari imeanza kuinuka karibu na mlango wa nyuma. Ukiibonyeza kwa kidole inatoa maji ya rangi ya chai. Ukiivuta kidogo kinang'oka kipande kizima, kipana kama chapati, na chini yake bati limeshashika kutu. Mwenye gari anaapa kwamba aliuziwa dawa feki. Mara nyingi dawa haina kosa. Kazi iliharibikia ukingoni, na ukingoni ndiko hakuna anayeinama kuangalia siku ya kulipa.

Kwa hiyo sitapoteza muda na weusi wa bedlaina wala ukali wa chembechembe zake. Katikati ya sakafu karibu kila bedlaina ya maana itavumilia kreti na majembe. Uliza inaishia wapi, na inaishia vipi. Na kingo ni nyingi kuliko unavyodhani: chini ya mdomo wa juu wa bodi, mstari wa mlango wa nyuma, kila kikulabu cha kamba, kila kichwa cha bolti, na yale matundu ya kutolea maji kwenye pembe. Maji yakipata mwanya wa unene wa unywele hapo, hutembea chini ya dawa kimyakimya, na mzigo unaotikisika barabarani unamalizia kubandua.

Kwa pikapu nyingi za Nairobi, zinazobeba mboga kutoka Marikiti, mitungi ya gesi, chakula cha kuku na samani za watu wanaohama, naiweka Raptor ya kampuni ya U-POL namba moja, na upendeleo huo siufichi. Ni yurethani, aina ya plastiki, ya sehemu mbili. Chupa huja na mililita 750 za dawa na juu imeachwa nafasi ya mililita 250 za hadina, yaani kigandishi chake: unajaza, unafunga, unatikisa dakika mbili, unaikaza kwenye bunduki yake. Hakuna kukisia kwa kikombe. Dabo kebini inameza chupa nne kwa mikono miwili, yaani kupuliza mara mbili. Singo kebini ya bodi ndefu andaa sita. Bunduki hupewa upepo wa psi 40 hadi 60, na kati ya mkono wa kwanza na wa pili mnasubiri kama saa moja.

Sababu yangu kubwa ni jinsi inavyoisha. Fundi mwenye mkono mzuri anaipunguza polepole chini ya mdomo wa bodi mpaka inapotelea kwenye rangi ya gari. Pitisha kucha: haigusi ngazi yoyote. Pasipo na ngazi, maji na koleo havina pa kushika. Na ikichubuka baada ya mwaka, unapiga msasa mahali pale, unapuliza tena, inashikana na ile ya zamani. Udhaifu wake ni wembamba. Hata mikono miwili haifiki milimita moja, hivyo haifichi mbonyeo, na ukiangusha jiwe la kujengea la Ndarugo kwa pembe yake, bati litaonekana.

Anayebeba mawe, vyuma na kokoto kila siku aende namba mbili yangu, poliyurea inayopulizwa ikiwa moto kwa mashine. Rhino Linings na Line-X za Marekani ndizo zilizoipa kazi hii jina. Mashine hupasha sehemu zote mbili joto na kuzisukuma kwa nguvu nyingi. Zinakutana kwenye mdomo wa bunduki na kuganda ndani ya sekunde. Unapata milimita mbili hadi tatu za kitu kigumu kama tairi. Weusi wake unaweza kupauka juani, hilo ni la sura tu.

Mbona basi namba mbili? Kwa sababu ya unene wenyewe. Milimita tatu zinapoisha lazima zikatwe, na hapo ndipo karakana nzuri hutengana na mbaya. Anayejua hubandika tepu yenye waya mwembamba ndani. Akimaliza tu kupuliza, dawa ikiwa bado laini, anauvuta waya unakata mstari safi, kisha anatoa tepu. Asiyejua anaenda kwanza kunywa chai. Akirudi dawa imekaza, anachukua wembe, na wembe unapita dawa, rangi na praima (rangi ya kwanza ya chini) hadi kwenye bati. Kutu itaanzia kwenye mstari ule ule. Swali lako la kwanza mlangoni liwe hili: ukingo mnaukata kwa kifaa gani? Ukisikia wembe, washa gari.

Za kupaka kwa rola kama Herculiner na makopo ya kupuliza kwa kidole zinafaa mkokoteni au kiraka. Laina ya plastiki ya kutumbukiza inasugua rangi na kufuga maji chini yake, mizigo nayo inateleza juu. Karatasi ya alumini yenye vipele juu ya bodi ya chuma, maji yakiingia katikati, huliwa yenyewe haraka pale inapogusana na chuma.

Sasa maandalizi, maana dawa yoyote kati ya hizo mbili za juu itabanduka yakikosewa. Vikulabu vyote, raba na taa ya namba vitoke. Kupuliza juu yake ni kutengeneza kingo mpya kumi. Bolti za kufunga bodi kwenye chesi zizibwe kwa tepu, la sivyo siku bodi inatakiwa kushuka utazikata kwa grainda. Matundu ya maji yawekewe vijiti vinavyochomolewa dawa ikiwa mbichi. Kisha osha kwa sabuni na utoe mafuta kabla ya msasa, halafu tena baada yake. Ukianza na msasa unasukuma mafuta ndani ya mikwaruzo. Kama gari lako hupuliziwa dizeli chini kwenye kuosha magari, acha hiyo wiki kadhaa kabla, kwa sababu dizeli hujificha kwenye viungo vya mabati na kutoka polepole.

Msasa namba 180 hadi 240, mpaka mng'ao wote uishe. Mashine haiingii kwenye pembe, kwa hiyo pembe zipigwe kwa mkono; leta tochi ya simu na uinamie mwenyewe. Palipong'aa, dawa imelala tu, haijashika. Bati lililo wazi lipate praima ya asidi au epoksi. Asubuhi za Julai zenye manyunyu, subirini jua: hadina ikikutana na unyevu inatoa mapovu. Na mpulizaji avae barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba. Hadina hizi zina isosianeti, inayoweza kumwachia mtu pumu ya kudumu, na kitambaa puani hakisaidii chochote.

Wauzaji sasa. Kuna vijana wanaopuliza rangi nyeusi ya lami, ile ya chini ya gari, na kuiita bedlaina. Ipimeni: chovya kitambaa kwenye petroli, sugua kipande cha kazi yao kilichokauka wiki nzima. Kitambaa kikitoka cheusi, hiyo haina hadina ndani. Wengine huuza chupa halisi bila hadina yake, halafu wanakutafutia hadina ya rangi ya kawaida. Na bei! Bodi ni ile ile ya takriban mita mbili na nusu za mraba sakafuni, lakini ukiingia na Ford Ranger mpya unatajiwa bei moja, jirani mwenye Nissan Hardbody iliyochoka nyingine. Hakuna anayekutajia ni lita ngapi. Omba risiti ya eTIMS, ile ya mfumo wa kodi wa KRA, uone asilimia 16 inavyoibuka ghafla, kana kwamba VAT iliingia nchini asubuhi hiyo.

Kwenye risiti yaandikwe mambo matatu: jina la dawa, idadi ya chupa au unene kwa milimita, na kwamba ukingo ukiinuka ndani ya mwaka wanarudia bure. Dhamana nyingi za mdomo husema "haitapasuka" na kuishia hapo. Kupasuka si shida yako.

Raptor haibebi mawe kabla ya siku saba, hata ikionekana kavu jioni ile ile. Chupa ambayo haijachanganywa ni yako, umeilipia, ondoka nayo kwa ajili ya viraka. Iliyochanganywa waachie, ndani ya saa moja hivi itakuwa jiwe.